Jiwe Jeupe Juu ya Samadi

Kila siku akirudi kutoka shuleni, Libuseng alivua soksi zake, akazikunja na kuzificha chini ya godoro zisije zikachakaa, kisha akatwaa gunia na kupanda malishoni kuokota samadi. Soksi zilikuwa jozi moja tu. Samadi ilikuwa imejaa kila mahali, au ndivyo alivyodhani.

Kwetu Ha Lephoi, juu kabisa kwenye milima ya Lesotho, samadi kavu ndiyo kuni. Miti hatuna. Jua la mwezi wa tatu na wa nne hukausha mavi ya ng'ombe huko malishoni, wasichana huyaokota, na kila nyumba hujenga ukuta wa samadi kando ya mlango. Ukitaka kujua kama watu wa nyumba fulani wana akili, usiwaulize wamevuna nini. Tazama ukuta wao.

Nyumba ya akina Libuseng haikuwa na ukuta. Walihamia kwetu mwezi wa kwanza, joto likiwa bado lipo, wakitoka pwani ya Natal, Afrika Kusini, ambako baba yake alifanya kazi ya kukata miwa mpaka kiwanda cha sukari kilipofungwa. Huko pwani mtu akitaka baridi hufungua jokofu. Basi walishuka kwenye lori wamevaa ndala, wamebeba chandarua cha mbu na feni. Feni ile ilituvunja mbavu. Kijiji hakina umeme, na hata kingekuwa nao, hakuna mtu wa Ha Lephoi aliyewahi kuomba aongezewe upepo. Tangu siku hiyo watoto walimwita Libuseng "Feni", na jina likamganda.

Baba alikaa wiki chache, akaziba nyufa za nyumba kwa udongo, kisha akavuka mpaka kwenda kutafuta kazi migodini. Mama alibaki na binti wa miaka kumi na miwili na mimba iliyoanza kuonekana. Hakuwa mtu wa kukaa bure. Chandarua alikitumia kuanikia mboga za majani, magunia akayashona kuwa pazia la mlango. Lakini kila alipotazama nje, pale palipopaswa kuwa na ukuta, aliuma mdomo.

"Mtoto huyu atazaliwa baridi ikiwa kali," alimwambia Libuseng. "Baba yako anasema theluji ikianguka hapa, hukai na kichanga bila moto. Unamzika. Nataka ukuta unaofika kifuani mwako. Umenisikia?"

"Nimesikia, Mama."

Nyuma ya mlango Mama alikuwa ameshasimamisha tete moja refu. Siku mtoto akizaliwa, lingechomekwa kwenye nyasi za paa, juu ya mlango, ili wote wanaopita wajue mna mzazi ndani. Penye tete mwanamume haingii, na ugomvi haufiki. Hayo Mama alifundishwa na majirani, akayashika.

Siku ya kwanza malishoni, Libuseng aliona jambo lililomfurahisha. Vibonge vikubwa vya samadi, vikavu vizuri, vilikuwa vimetapakaa mteremkoni, na juu ya kila kimoja palikuwa na jiwe jeupe. Akadhani ni michezo ya watoto wadogo. Akawa anatupa jiwe kando, anatia kibonge guniani, anatupa jiwe kando, anatia kibonge guniani, huku akiimba.

Kofi lilimpata kabla hajasikia hatua. Aligeuka, akamwona Moroesi, binti wa mjane wa nyumba ya jirani. Moroesi alikuwa amemzidi kwa mwaka mmoja na kwa mabega mawili. Hakuwa na kaka, kwa hiyo yeye mwenyewe ndiye aliyechunga ng'ombe wa mama yake, na fimbo aliishika vizuri kuliko wavulana wengi.

"Mwizi wewe," alisema Moroesi.

"Mwizi wa mavi?" Libuseng aliuliza. Aliuliza kwa sababu hakuelewa, lakini mwenzake alidhani anakejeliwa. Ngumi ilimpasua mdomo, akaanguka kifudifudi kwenye nyasi.

"Unaliona hili jiwe?" Moroesi aliliokota na kumwekea puani. "Jeupe, la kule kwenye chemchemi. Mawe meupe ni ya kwetu. Naiona samadi ikiwa mbichi, naiwekea jiwe langu, ikikauka nakuja kuichukua. Jiwe likiwa juu, ni mlango umefungwa. Hata mtoto anayenyonya anajua."

"Mimi sikujua." Libuseng alitema damu. "Na jiwe lenyewe lina mikono? Linalinda nini?"

"Nenda ukaiulize feni yenu." Moroesi alilimimina gunia lote, akalipiga teke likabingirika mteremkoni, akaondoka na ng'ombe wake.

Hapo ndipo mambo yangeweza kuisha. Kutojua si kosa, na mdomo uliopasuka hupona. Lakini Mama alipomuuliza mdomo umekuwaje, Libuseng alisema amejikwaa. Ulikuwa uongo mdogo, ila uongo haupendi kukaa peke yake.

Kesho yake alitazama malisho kwa macho mapya, moyo ukamwanguka. Karibu kila kibonge kilikuwa na jiwe: jekundu la nyumba hii, jeusi la nyumba ile, jeupe la akina Moroesi. Samadi isiyo na mwenyewe ilikuwa kileleni tu, kule ambako ng'ombe hufika kwa nadra. Alipanda. Upepo ulimpiga mweleka mara mbili, ukampokonya gunia, akalikimbiza mpaka magoti yakachubuka. Alipoanza kushuka, gunia halijafika hata nusu, alipita kando ya korongo. Pale ukingoni yalipangana mawe meupe, na chini yake vibonge vinono. Mdomo ulikuwa bado umevimba.

Alitazama huku na huku. Kisha akalitupa jiwe la kwanza korongoni. Lilidunda, likadunda, likanyamaza. Sauti ile ilimfurahisha. Akatupa la pili kwa nguvu zaidi, kama anamtupia mtu.

Basi ikawa mchezo wake. Alitoka alfajiri kabla ya shule, Moroesi akiwa bado anakamua, akatupa mawe meupe korongoni na kurudi na gunia limejaa. Mawe ya nyumba nyingine hakuyagusa. Alijiambia kwamba yeye si mwizi, analipiza tu. Ukuta ulipanda mpaka magotini, ukapanda mpaka mapajani. Jioni Mama aliikanda miguu yake kwa mafuta ya kondoo, akimsifu.

"Mwanangu anapanda mpaka kileleni," alisema. "Nani angedhani? Mtoto wa pwani."

Libuseng alitia kibonge kingine motoni.

Jumamosi moja asubuhi, jalidi ikiwa bado nyeupe kwenye nyasi, Mama Moroesi alifika mlangoni. Alikuwa mwanamke mrefu mwenye sauti nzito, mkunga wa kijiji. Nusu ya watoto wa Ha Lephoi walipitia mikononi mwake. Siku hiyo mkono mmoja ulishika mjeledi wa ngozi ya ng'ombe, na mwingine ulimshika Moroesi shingoni.

"Umeamkaje, Mama Libuseng?" alisema. "Sikuja kugombana nawe. Ugomvi uko nyumbani kwangu. Ukuta wangu haupandi. Nikimuuliza huyu, ananiambia mtoto wako anayatoa mawe yetu."

Mama alijishika kiuno, akasimama wima kadiri tumbo lilivyomruhusu. "Mtoto wangu? Mtoto wangu hupanda kileleni. Itazame hiyo miguu yake, ilivyopasuka."

"Nimeiona. Lakini acha aseme mwenyewe. Libuseng, umewahi kugusa samadi yenye jiwe?"

Libuseng aliutazama mjeledi. Kisha akalitazama tumbo la mama yake.

"Sijawahi," alisema. "Naapa."

"Mwongo!" Moroesi aliruka, lakini mkono wa mama yake ulimrudisha.

"Mwongo ni nani?" aliuliza Mama Moroesi. "Mimi nimezaliwa hapa, mama yangu amezaliwa hapa. Hatujawahi kusikia mtu akichukua kilicho chini ya jiwe. Hakuna mtu kama huyo. Wewe ulikuwa unacheza na wachunga kondoo, jua likakuchwea, sasa unatafuta mgeni wa kumtwika."

"Mama, kweli ya Mungu..."

Mjeledi ulishuka kabla hajamaliza. Ulishuka kwenye mashavu ya miguu, mahali ambapo baridi imeshapasua ngozi, ukashuka tena, na tena, mpaka ngozi ikafanya mistari na mistari ikatoa damu. Mama Libuseng alisema, "Inatosha, mama, inatosha, ni mtoto," lakini hakusikilizwa. Moroesi hakulia. Macho yake yalikaa juu ya Libuseng muda wote, na Libuseng hakuweza kuyatazama wala kuyakwepa.

Walipoondoka, Mama alitikisa kichwa. "Maskini. Lakini heri akome kusema uongo."

Libuseng alikwenda nyuma ya nyumba, akakaa huko mpaka Mama alipomwita.

Ningependa kuwaambia kwamba siku ile aliacha. Aliacha kwa siku chache tu. Kisha maji ya ndoo yakaganda ndani ya nyumba, Mama akaanza kulala na koti, na ukuta ulikuwa umefika kiunoni, haujafika kifuani. Alirudi korongoni. Safari hii hakufurahia sauti ya jiwe likidunda.

Mwezi wa sita, siku moja kabla hata jogoo hawajanyamaza, Mama alishikwa na uchungu. Libuseng alikimbia kumwita Mama Moroesi, naye alikuja bila kuuliza neno, blanketi limefungwa begani. Wazee hawachanganyi ugomvi wa ukuta na kazi ya uzazi.

"Wewe toka," alimwambia Libuseng. "Hapa si pa mtoto. Nenda ukaongeze samadi. Anga limechafuka upande wa kusini, na likifika hapa hakuna atakayetoka."

Libuseng alipanda mbio. Mawingu yalikuwa yamelala juu ya milima, mazito, na upepo ulipiga kelele mabondeni. Alifika ukingoni mwa korongo, akainama, akashika jiwe jeupe.

Mtu alisimama kutoka nyuma ya mwamba.

"Liweke chini," alisema Moroesi.

Libuseng hakuliweka. Alitaka kukimbia, lakini mkono ulishamshika nywele, ukamburuta mpaka ukingoni na kumwinamisha kichwa juu ya korongo. Chini kabisa, mawe meupe yalikuwa yamelala lundo kama mayai.

"Yatazame," alisema Moroesi. "Yatazame vizuri. Kila jiwe hapo nimelilipia kwa miguu yangu. Mama ananiambia mwongo. Watu shuleni wananiambia mwongo. Leo nawe utalipa."

Fimbo ilimpata Libuseng mgongoni, akapiga magoti. Ikampata mkononi, vidole vikafa ganzi. Alijiviringisha, akamuuma Moroesi kifundo cha mguu mpaka akaonja damu. Walianguka wote wawili, wakabingirika kwenye jalidi wakipigana mateke na kuchanana uso, karibu kabisa na ukingo. Moroesi alimkalia kifuani, magoti yake yakamkandamiza mikono, akaanza kumpiga makofi: kofi na neno, kofi na neno. "Sema. Ulitupa. Sema. Ulitupa."

Mkono mmoja wa Libuseng ulichomoka. Ulipapasa nyasi, ukakutana na jiwe lile jeupe. Akapiga nalo kwa nguvu zake zote.

Lilimpata Moroesi juu ya jicho. Damu ilitoka mara moja, ikamfunika nusu ya uso. Alikaa ameduwaa, mkono kwenye paji la uso, akiyumba kama aliyelewa. Libuseng aliona damu ile, akaingiwa na hofu ambayo hajawahi kuijua maishani. Nimemuua, aliwaza. Akatupa jiwe, akakimbia.

Alikimbia mteremko mzima akianguka na kuinuka. Chembe za kwanza za theluji zilikuwa zimeanza kumpiga usoni. Nusu ya njia alisikia hatua nyuma yake, na pumzi, na ncha ya fimbo ikigonga mawe. Moroesi hakuwa amekufa. Alikuwa anakuja.

Libuseng aliuona mlango wa kwao, akaukimbilia, mguu ukateleza, akaanguka kando ya ukuta wa samadi. Alijikunja, mikono kichwani. Kivuli kilisimama juu yake na fimbo ilikuwa imeinuliwa. Alingoja pigo.

Pigo halikuja.

Alifungua jicho moja. Moroesi alikuwa amesimama pale pale, fimbo juu, damu ikimtiririka mpaka kidevuni, kifua kikipanda na kushuka. Lakini hakuwa akimtazama yeye. Alikuwa akitazama juu ya mlango. Kwenye nyasi za paa, likitikiswa na upepo, lilikuwa limechomekwa tete.

"Amejifungua?" aliuliza Moroesi.

"Sijui. Nilikuwa na wewe."

Moroesi aliitazama njia. Hapakuwa na mtu. Kijiji kizima kilishajifungia kwa ajili ya tufani, na upepo ulikuwa ukipiga kelele kiasi kwamba hata mtu akichinjwa asingesikika. Angeweza kumpiga mpaka achoke. Aliishusha fimbo, akailaza chini kwenye theluji.

"Tete liko juu," alisema. "Hapa sikupigi."

Pazia la magunia lilifunguliwa. Mama Moroesi alitoka na beseni mikononi, akaona fimbo, akaona damu, akaona wasichana wawili waliochanika nguo. Beseni lilianguka.

"Wewe Moroesi! Mlangoni kwa mzazi? Umeleta fimbo mlangoni kwa mzazi?"

Aliiokota fimbo ile ile na kuiinua. Moroesi hakujitetea. Hata mkono hakuuinua. Alishawahi kusema kweli mara moja, na aliyajua malipo yake.

Libuseng aliyaona yote kwa pamoja. Ndani ya nyumba kulikuwa na sauti mpya, nyembamba, inayolia. Theluji ilikuwa imeanza kushika ardhi. Akisema, ukuta huu si wao tena, na kichanga kile kitalala bila moto. Asiposema, fimbo itashuka. Alijirusha katikati, na fimbo ilimshukia yeye begani.

"Ni mimi!" alilia. "Ni mimi niliyempiga kwa jiwe. Mawe yenu yako korongoni, nimeyatupa mimi, tangu mwezi wa nne. Niliapa uongo. Hii yote ni samadi yenu. Msimpige."

Mama Moroesi aliiacha fimbo ianguke. Aliutazama ukuta, kibonge kwa kibonge. Kisha akaitazama miguu ya binti yake, ile mistari ambayo baridi ilikuwa haijaiacha ipone. Uso wake ulibadilika pole pole. Alivua blanketi lake, akashika pembe moja, akaanza kumpangusa mtoto wake damu.

"Uliniambia," alisema.

"Nilikuambia," alisema Moroesi, na sasa ndipo alipolia.

Libuseng alikuwa ameshaanza kuubomoa ukuta. Alipakata vibonge kifuani, vikawa vinamwanguka, akawa anaviokota, akielekea kwa akina Moroesi huku theluji ikimziba macho. "Nitavirudisha," alikuwa akisema. "Nitavirudisha vyote leo."

"Simama hapo," alisema Mama Moroesi. "Kichanga hakijamwibia mtu." Akamgeukia binti yake. "Lakini samadi ni yako. Umeilipia mara mbili. Wewe ndiye utakayesema iende wapi."

Moroesi aliugeukia ukuta. Jicho moja lilikuwa limeziba kwa uvimbe.

"Mimi simsamehi," alisema.

"Sikukuuliza habari ya kusamehe. Nimekuuliza habari ya samadi."

"Basi iwake hapa hapa." Alipenga kamasi zenye damu. "Lakini nami nitaota. Nikae karibu na moto kuliko Feni."

Tufani ile hata wakongwe wa Ha Lephoi wanaikumbuka. Theluji haikuanguka, ilitupwa. Upepo uling'oa paa la ghala la mkuu wa kijiji na kulibwaga mtoni. Kondoo walikufa wamesimama zizini, wamegandamana. Wale watu watano, wanawake wawili, wasichana wawili na kichanga cha kiume, walikaa ndani ya nyumba moja ya mviringo kuzunguka moto mmoja, na nguzo za paa zikilia juu ya vichwa vyao.

Mama alielezwa kila kitu. Aligeuza uso ukutani. Baadaye sana alisema, "Niliwaonyesha watu miguu yako. Niliwaambia waitazame." Libuseng angeona afadhali achapwe.

Kazi ya kutoka nje kuichimbua samadi kwenye theluji ilikuwa yake, na hakuna aliyempokea. Kazi ya kutia moto ilikuwa ya Moroesi. Kila alipotia kibonge, alikitaja kwao. "Hiki cha kando ya kijito. Hiki cha chini ya mwamba wenye ufa. Hiki nilikitolea mwiba mguuni." Alisema kwa sauti ya kawaida tu, kama anayesoma majina shuleni. Libuseng alikaa karibu na moto na hakupata joto.

Lakini kichanga kilipata. Kililala kifuani kwa mama yake, mashavu mekundu, jasho jembamba puani. Walikipa jina la Lehloa, yaani Theluji, kama tuwaitavyo watoto waliozaliwa siku kama ile. Asubuhi jua lilipotoka na milima ikang'aa mpaka macho yakauma, kilikuwa hai, na kilikuwa na njaa.

Theluji ilipoyeyuka, Libuseng alishuka korongoni na kapu mgongoni. Hakuna aliyemtuma. Aliyapandisha mawe meupe yote, akayaosha kwenye chemchemi huku vidole vikigeuka bluu, akayapanga mlangoni kwa akina Moroesi. Shuleni alisimama mbele ya darasa akasema nani alikuwa mwongo na nani hakuwa. Baada ya hapo, upepo mkavu wa mwezi wa nane ulipoanza, alipanda kileleni kweli, siku baada ya siku, akajaza ukuta wa akina Moroesi kwanza. Moroesi alipita na ng'ombe wake, kovu juu ya jicho, hakumsaidia hata kibonge kimoja.

"Ongeza mwendo, Feni," alikuwa akisema. "Au umeme umekatika?"

Mjeledi haukuonekana tena. Mama Moroesi aliukata vipande akafungia lango la zizi.

Ukuta ule ulipojaa, Mama Moroesi alimwita Libuseng. "Nyumba yenu haina jiwe," alimwambia. "Nenda ukachague."

Alichagua la kijivu lenye mstari mmoja mwekundu, la kule karibu na kileleni. Akaona samadi mbichi, mbali, mahali pasipo na njia, akaiwekea jiwe lake, akarudi nyumbani. Hakulala vizuri. Sasa alijua ni rahisi kiasi gani jiwe kutupwa. Aliporudi wiki iliyofuata alikuta alama za kwato za ng'ombe, na kando yake nyayo za miguu mipana anayoijua. Nyayo zilikuja mpaka kwenye jiwe, zikasimama, zikapita. Jiwe lilikuwa pale pale. Chini yake samadi ilikuwa imekauka vizuri.

Alikishika kibonge kile mkononi njia nzima, hakukitia guniani. Mama Moroesi alikuwa amekaa juani mlangoni kwao, amempakata Lehloa, Mama akipepeta mtama kando yake.

"Kimebaki," alisema Libuseng.

"Kingekwenda wapi?" Mama Moroesi alimsogeza mtoto begani. "Kaa hapa. Siku ya kwanza ulimuuliza mwanangu jiwe linalinda nini. Halilindi kitu, ni jiwe tu. Anayelinda ni yule anayepita peke yake, gunia lake tupu, hakuna anayemwona, na bado akapita. Baridi ya huku hakuna nyumba inayoiweza yenyewe. Tunaiweza kwa sababu naacha samadi yangu mlimani nikaenda kulala. Ulipotupa yale mawe hukuchukua samadi peke yake. Ulimfanya mtoto anayesema kweli aonekane mwongo mbele ya mama yake. Na mimi nilimpiga kabla ya kupanda huko juu nikatazame. Mjeledi hauna masikio, Libuseng. Hilo ni la kwangu, na nitalibeba mwenyewe."

Libuseng aliinamisha kichwa. Lehloa alinyoosha mkono kukishika kibonge, wakacheka wote watatu, maana alitaka kukitia mdomoni.

Kisha alikwenda pale palipokuwa na ukuta, ambapo sasa palikuwa na udongo mtupu, akakiweka chini, cha kwanza. Akachukua gunia na kuianza njia ya kupanda.